Kulitayarisha Lori la Chama Kabla ya Masika



Somo la safari hii linahusu jambo ambalo aghalabu huachiwa dereva na fundi wake, ingawa si lao peke yao: matayarisho ya lori la chama kabla ya mvua kuanza. Wapo watakaosema kuwa kazi ya mkaguzi ni vitabu, wala si matairi. Nawajibu kuwa tairi lililokwisha huonekana katika vitabu mapema kuliko linavyoonekana barabarani. Huonekana katika makisio yasiyo na fungu la matengenezo, katika daftari la safari lisilojazwa, na katika hati za malipo ya trekta la kukwamulia gari, ambazo mwezi wa Aprili hufuatana kama siafu.

Katika nchi za baridi kali jambo hili halikuachiwa hiari ya mtu. Huko Sweden, kwa mfano, sheria huwataka wenye magari wafunge matairi ya majira ya baridi kati ya tarehe 1 Desemba na 31 Machi kila barabara inapokuwa na theluji au barafu, na kashata za matairi hayo kwa gari dogo zisipungue milimita 3. Sisi hatuna theluji njiani, lakini tunayo majira ambayo barabara ile ile iliyotuchukua salama mwezi wa Januari hugeuka kitu kingine kabisa mwezi wa Aprili. Udongo mwekundu wa milimani huteleza kama sabuni, na udongo mweusi wa mbugani hulishika gurudumu usiliachie. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna tarehe iliyoandikwa katika sheria. Tarehe hiyo hupangwa na Halmashauri ya chama yenyewe, au haipangwi na mtu.

Kalenda na iwe ya mahali mlipo. Mikoa ya kaskazini na pwani hupata vuli kati ya Oktoba na Desemba, kisha masika kati ya Machi na Mei. Mikoa ya magharibi na kusini ina msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Kwa hiyo chama cha korosho cha Mtwara au Lindi, ambacho mavuno yake huanza Oktoba, hukutwa na mvua kikiwa bado kinasomba mzigo kuupeleka ghala kuu. Chama cha kahawa cha Kilimanjaro hukutana na vuli wakati kahawa ingali ikiteremshwa. Chama cha pamba cha Shinyanga hupata nafuu wakati wa ununuzi, maana mvua zimekwisha, lakini mbegu na dawa hakina budi kuzipeleka kwa wakulima wakati wa tope. Kila chama kitazame msimu wake, kihesabu wiki nne nyuma, na kuuweka hapo mwisho wa matayarisho. Naandika mwisho, wala si mwanzo, kwa kuwa ankara kifani hutafutwa, kikao huitishwa, na vipuri huchelewa.

Tena mvua haifuati kalenda yetu siku zote. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikata barabara na madaraja kwa miezi, na vuli ya mwaka 2023 ilikuwa kubwa kupita kawaida. Desemba ya mwaka huo ndipo yalipotokea maporomoko ya tope ya Katesh, mkoani Manyara, yaliyoua watu wengi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa kila msimu kabla haujaanza. Katibu aisikilize taarifa hiyo, na nakala yake ibandikwe ukutani penye ratiba ya lori.

Matairi

Naanza na matairi kwa sababu ndiyo yanayogusa ardhi. Lori zima lenye tani saba za mzigo huishikilia barabara kwa vipande vichache vya mpira, kila kimoja si kikubwa sana kuliko kiganja na vidole vyake. Kashata zilichongwa ili maji yapate mahali pa kukimbilia. Zikiisha, maji hukosa njia, tairi huelea juu ya utando mwembamba wa maji, na hapo stelingi na breki huwa mapambo tu. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha milimita 1.6, ambacho ni cha kisheria. Kwa lami iliyolowa uwezo wa tairi huanza kupungua sana likishashuka chini ya milimita 3, na kwa barabara ya udongo lafaa liwe na zaidi ya hapo.

Kupima hakuhitaji mashine. Chomeka njiti ya kiberiti katikati ya kashata, weka alama kwa ukucha, kisha ilaze njiti kwenye rula ya mwanafunzi. Pima mahali patatu: ukingo wa ndani, katikati na ukingo wa nje. Tairi lililolika katikati lilikuwa na upepo mwingi mno; lililolika kingo zote mbili lilikuwa na upepo mdogo; lililolika upande mmoja laashiria magurudumu hayakunyoka, au kiungo cha stelingi kimelegea, nalo tairi jipya litaliwa vivyo hivyo usipomwita fundi kwanza. Andika vipimo hivyo katika daftari la gari pamoja na tarehe. Makatibu wengi huniambia kuwa matairi “bado mazima”, na nikiuliza yamepimwa lini, hunionyesha kwa mkono.

Magurudumu ya nyuma yaliyo pacha yatazamwe kwa namna yake. Mawili yaliyofungwa pamoja yawe na kimo kimoja, maana likiwa moja refu na jingine fupi, lile refu hubeba mzigo wa mawili na kupasuka likiwa limeelemewa. Jiwe lililobanwa katikati yao litolewe kabla ya safari. Utingo akipiga kila tairi kwa rungu hatajua kipimo cha upepo, ila atatambua lililopungukiwa kwa mlio wake. Hata hivyo chama kinunue geji, kwa kuwa bei yake haifikii hata robo ya bei ya tairi.

Kuhusu minyororo: madereva wa njia za mlimani huifunga kwenye magurudumu ya nyuma, kama wafanyavyo wale wa nchi za theluji, nayo husaidia. Lakini ifungwe kabla ya kuingia topeni. Nimeona mara nyingi mnyororo ukitafutwa chini ya mzigo wakati gari limekwisha kuzama hadi ekseli.

Breki

Dereva anayekwenda kilomita 60 kwa saa husafiri mita 17 hivi kwa kila sekunde, na sekunde moja hiyo humpita kabla mguu haujafika kwenye breki. Baada ya hapo ndipo gari huanza kupunguza mwendo, na juu ya lami iliyolowa lahitaji hata mara mbili ya umbali wa kwenye lami kavu. Barabara ya utelezi haina kipimo cha kuaminika. Basi dramu zifunguliwe, laini za breki zitazamwe unene, na sili za ekseli zikaguliwe, kwa kuwa oili ikidondokea kwenye laini hakuna breki tena. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa pole pole. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Lori lenye breki za upepo hukusanya maji chini ya mitungi yake, na koki zile ndogo zilizo chini hazikuwekwa kwa urembo. Zifunguliwe kila siku kazi inapokwisha mpaka hewa itoke kavu.

Maji yanakoingia

Adui wa msimu huu huingia kwa milango mingi, na mingine haifikiriwi. Mlango wa kwanza ni tanki la dizeli. Vyama vingi huweka mapipa ya dizeli yakiwa yamesimama uani. Mvua hutuama juu ya kifuniko, usiku hewa iliyo ndani ya pipa hupoa na kujikunja, na pipa hunyonya yale maji kwenye nyuzi za kizibo hata kama kimekazwa. Lilaze pipa, au liweke bati juu yake. Ukiteka mafuta, usifikishe mpira mpaka chini. Kwenye gari lenyewe, kile kikombe cha kutenga maji kilicho karibu na chujio kimwagwe kila asubuhi mpaka ije dizeli safi. Maji yakifika kwenye pampu na nozeli huleta kutu, na pampu ya dizeli si kitu cha kununuliwa kwa fedha iliyobaki kwenye sanduku la fedha ndogo ndogo.

Mlango wa pili ni ekseli. Gari lililotembea mchana kutwa huwa na difu yenye joto. Likitumbukia ghafla katika maji baridi ya mto, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Ndiyo sababu mtengenezaji aliweka kipumulio kidogo juu ya ekseli, ambacho kwetu huzibwa na tope kisha kikasahauliwa. Kisafishwe. Na kila baada ya kuvuka maji mengi, fundi afungue kizibo cha difu na kutazama oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe siku hiyo hiyo.

Mlango wa tatu ndio wa hasara kubwa, nao ni bomba la kuvutia hewa ya injini. Hewa hubanwa ndani ya silinda, bali maji hayabanwi. Injini ikimeza maji ikiwa inazunguka, kile kisichobanwa hupinda mkono wa pistoni, na kazi ya siku moja hugeuka deni la mwaka. Kwa hiyo dereva ajue kwa sentimita bomba la hewa la lori lake liko kimo gani, na injini ikizimika ndani ya maji asijaribu kuiwasha tena. Livutwe nje, nozeli zifunguliwe, maji yatoke kwanza.

Wipa, taa na betri nitazipita kwa haraka, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa hazina siri. Mpira wa wipa hukaushwa na jua la kiangazi, na mtu hugundua siku mvua inaponyesha, ubadilishwe kabla. Taa zote ziwake, pamoja na za breki. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe vioshwe kwa maji ya moto yenye magadi, vikaushwe, vipakwe grisi. Maji ya betri yafunike bamba zake, nayo yawe maji yaliyosafishwa, wala si tindikali. Asiwashe mtu kiberiti hapo, maana gesi ya betri hulipuka. Mkanda wa feni ukibonyezwa kwa kidole gumba usilegee kupita sentimita moja na nusu hivi. Vyama vya Makete na Njombe, ambako jalidi huanguka mwezi wa Juni na Julai, viongeze dawa ya kuzuia barafu katika rejeta. Hata mahali pasipo jalidi dawa hiyo huzuia kutu.

Turubai, na hasara isiyoandikwa

Hapa naomba makatibu wasome polepole. Turubai husahauliwa kwa kuwa si sehemu ya gari, lakini ndilo linalolinda mali ya mwanachama. Lifungeni juu ya lori siku ya jua, kisha mtu mmoja aingie chini yake saa sita mchana. Kila nyota atakayoiona ni tundu. Litiwe alama kwa chaki na kushonewa kiraka. Sakafu ya bodi iwe na chaga za mbao ili magunia ya chini yasikae majini. Mkiunganisha maturubai mawili, la mbele lililalie la nyuma, kwa kuwa likiwa kinyume upepo wa mwendo utaingia chini yake na kulifunua.

Fikirini sasa kahawa ya maganda. Mkulima ameianika kwa siku nyingi mpaka unyevu wake ukashuka kufikia asilimia 12 au chini kidogo, karani ameipima na kuipokea kuwa kavu, stakabadhi imeandikwa. Njiani magunia 40 yakaloa. Kahawa iliyolowa hubadilika rangi, hushika ukungu, na ikikaa katikati ya nyingine huiambukiza harufu. Mnadani itashuka daraja. Je, hasara hiyo itaandikwa wapi? Ankara ya turubai jipya ina mahali pake, ina namba ya hati, nami nikifika naiona, na wanachama huuliza katika Mkutano Mkuu kwa nini fedha nyingi zimetumika. Bali ile kahawa iliyoshuka daraja haina hati. Imechanganywa na ya wote, imeuzwa pamoja na ya wote, na hasara yake imejificha ndani ya malipo ya pili. Kila mwanachama amekatwa kidogo, hakuna aliyejua, na aliyeanika vizuri kuliko wote amekatwa sawasawa na wengine. Huu ndio ubaya wa kutojitayarisha: gharama ya kutengeneza huonekana, na gharama ya kuacha haionekani. Ndiyo maana halmashauri yenye nia njema kabisa yaweza kujisifu kuwa imebana matumizi, kumbe imewalipisha wanachama wake kwa mlango wa nyuma.

Nashauri basi kila gunia linalofika limelowa liandikwe katika hati ya kusafirishia mzigo, na idadi yake isomwe katika Mkutano Mkuu pamoja na hesabu.

Mto uliojaa

Lori lililotayarishwa vizuri lina hatari yake, nayo ni kumtia dereva ujasiri usio wake. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yaweza kulielea gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi, makubwa yakiwamo. Mto wa milimani hujaa wakati mahali ulipo hapana tone la mvua. Dereva hauoni mchanga uliochimbwa chini yake tangu jana.

Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, nilikuta faili lenye barua tatu zilizofuatana. Ya kwanza ni ya dereva, ya mwezi wa Februari, akiomba matairi mawili ya mbele. Ya pili ni jibu: asubiri mpaka mauzo. Ya tatu ni taarifa ya mwezi wa Aprili kwamba lori liliteleza likiingia kwenye kivuko, likalala ubavu, na utingo akavunjika mguu. Katika taarifa hiyo dereva alieleza kuwa aliyaona maji yamepanda, ila alikwisha kuambiwa asipofika ghalani siku ile atakatwa mshahara. Halmashauri ilipendekeza aachishwe kazi kwa uzembe. Nilizipanga barua zote tatu mezani kwa tarehe zake, nikawaomba wajumbe wazisome kwa sauti. Dereva hakuachishwa. Utingo hadi leo huchechemea.

Kwa hiyo liandikwe katika muhtasari wa Halmashauri kwamba dereva ndiye mwenye uamuzi wa mwisho kwenye kivuko, na kwamba hataadhibiwa kwa kungoja maji yapungue, hata akilala njiani. Posho ya kulala njiani iwe imekwisha kupitishwa. Na wanachama wasipandishwe juu ya mzigo, hata wakiomba kwa machozi. Lori la mizigo si basi, na mvua haiwi sababu.

Makisio

Mengine yote hayafanyiki pasipo fedha iliyotengwa. Fungu la matengenezo ya kabla ya mvua liwe na mstari wake katika makisio ya mapato na matumizi yanayopitishwa na Mkutano Mkuu, lisichanganywe na fungu la mafuta. Likichanganywa, mafuta hulimeza. Wakibisha wanachama, wapigieni hesabu. Tuseme tairi moja ni shilingi 600,000. Mawili ya mbele ni 1,200,000. Tuseme tena lori limekwama na kuharibika, likakaa siku tano, mkakodi jingine kwa shilingi 350,000 kwa siku, yaani 1,750,000, na trekta la kulivuta kwa 200,000. Jumla ni 1,950,000. Mmelipa 750,000 zaidi ya bei ya matairi, na matairi yenyewe bado hamjayanunua. Kila chama kiweke bei za mahali pake na kuona kama hesabu inageuka.

Daftari la gari lijazwe na dereva kila siku, litiwe sahihi na katibu kila wiki. Dereva asiyejua kuandika vizuri asaidiwe na karani wa mizani. Ombi lolote la kipuri lijibiwe kwa maandishi katika siku saba, na kama jibu ni hapana, sababu iandikwe na majina ya waliokataa yawemo.

Maswali ya kujadiliwa katika kikao cha mafunzo

1. Mvua za kwenu huanza lini, na tarehe ya mwisho ya matayarisho itakuwa ipi? Nani atawajibika kuiambia Halmashauri kuwa imefika?

2. Lipimeni kila tairi la lori la chama kwa njiti, mahali patatu. Ni mangapi yaliyo chini ya milimita 3?

3. Msimu uliopita ni magunia mangapi yaliyofika ghalani yamelowa? Kama hakuna ajuaye, ni hati gani iliyokosekana?

4. Dereva wenu, na aulizwe mbele ya wote: je, aliwahi kuvuka maji ambayo yeye mwenyewe asingeyavuka, na ni nani aliyemwambia avuke?